Buddha, Mtawa Aliyetoka Nyumbani

Hapa Kakamega ukimtajia mtu neno mtawa, mara moja atakuelekeza Mukumu, katika barabara ya kwenda Kisumu, waliko masista wa Kikatoliki. Kwake yeye mtawa ni yule mama mwenye kitambaa kichwani na msalaba kifuani, asiyeolewa, ambaye kazi yake ni sala, shule na hospitali. Kwetu pwani neno hilo lina umri mkubwa zaidi. Kutawa ni kukaa ndani. Bibi zetu walitawa, yaani hawakutoka ovyo wala kuonekana na wanaume wasio maharimu wao. Na mcha Mungu aliyejitenga na mambo ya dunia akashika uradi wake, naye aliitwa mtawa. Wakristo walipotafuta neno la kuwaitia watu wao wa namna hiyo, wakalikuta letu liko tayari.

Nayasema haya kwa kuwa nataka kuzungumza na wasomaji juu ya watawa wa namna nyingine kabisa, wale wa dini ya Buddha, na juu ya mtu aliyewaanzisha. Mimi ni mwalimu, mtu wa Mombasa, na kazi ndiyo iliyonifikisha huku kwenye mvua na matope. Siku moja darasani tulikuwa tukitazama picha za nchi za Sri Lanka na Thailand: wanaume walionyoa vichwa, wamejitanda shuka za manjano, kila mmoja na bakuli lake. Nikawaeleza wanafunzi kuwa hao ni watawa, hawaoi, hawashiki fedha, hawana shamba. Msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, ikiwa mtu huyo alikuwa na mke na watoto kabla ya kunyoa kichwa, watoto wale wanalishwa na nani. Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile limo katikati ya maisha ya Buddha mwenyewe, na waliomsimulia tangu kale hawakulikwepa.

Jina lake lilikuwa Siddhartha, wa ukoo wa Gautama, katika kabila la Sakya. Alizaliwa Lumbini, mahali palipo leo nchini Nepal, karibu na mpaka wa India. Juu ya mwaka wataalamu hawapatani: wako wasemao 563 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na wako wanaomsogeza mbele kwa karibu miaka mia. Juu ya mahali hakuna ubishi mkubwa, kwani Ashoka, mfalme wa India, alisimamisha hapo nguzo ya jiwe yenye maandishi katika karne ya tatu kabla ya Isa, na nguzo hiyo ikagunduliwa upya mwaka 1896.

Baba yake, Suddhodana, alikuwa mkubwa wa kabila. Hadithi humwita mfalme, lakini yaelekea ufalme wenyewe ulikuwa wa kiasi cha haya mamlaka yetu ya zamani ya Lamu na Pate, wala si dola kubwa. Mama yake, Maya, alifariki siku saba baada ya kujifungua, na mtoto akalelewa na mama yake mdogo, Mahapajapati. Akakua katika raha. Akaozwa Yasodhara. Yasimuliwa kwamba baba alimficha kila kitu kinachohuzunisha, mpaka siku alipotoka garini akaona, kwa nyakati mbalimbali, mzee aliyepinda mgongo, mgonjwa, maiti inayopelekwa kuchomwa, na mwisho mtu aliyeacha dunia, mtulivu, hana kitu mkononi. Sijui kama kweli mtu anaweza kufika miaka 29 bila kuona mzee. Lakini wako watu wengi ambao huwaona kila siku na hawajawahi kuwatazama.

Basi akiwa na umri wa miaka 29, usiku, alikwenda mlangoni kwa mkewe. Yasodhara alikuwa amelala, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto mchanga, Rahula. Alitaka kumpakata mwanawe, akaogopa kwamba mama ataamka na safari itavunjika. Akageuka, akamwamsha mtumishi wake Channa, akapanda farasi wake Kanthaka, akaenda. Alipofika mbali alikata nywele zake kwa upanga, akavua mapambo, akamrudisha Channa na farasi nyumbani.

Hayo ndiyo masimulizi yapendwayo na wengi. Yako mengine, na wataalamu huyahesabu kuwa ya zamani zaidi, ambayo hayana usiku wala farasi. Yasema tu kwamba alinyoa nywele na kuvaa shuka ilhali wazee wake wanatazama na kulia. Mimi nayaamini haya ya pili kuliko ya kwanza, na nayaona mazito zaidi. Kutoroka usiku ni rahisi kuliko kumwacha mtu anayekulilia usoni.

Msomaji wa pwani huenda hapo akamkumbuka Ibrahim bin Adham, ambaye masheikh wetu humtaja sana katika mawaidha: mwana wa wakubwa wa Balkh aliyeacha kiti na kasri, akaishi kwa jasho lake katika nchi ya Sham. Wanazuoni wengi wa historia wameona jinsi visa hivi viwili vinavyofanana. Na Balkh yenyewe, iliyo leo katika nchi ya Afghanistan, kabla ya Uislamu ilikuwa na nyumba kubwa ya watawa wa Buddha iitwayo Nawbahar. Wasimamizi wa nyumba hiyo walikuwa na cheo cha barmak. Yule Jaafar, waziri wa Harun Rashid, ambaye kila mtoto wa pwani alimsikia katika Alfu Lela u Lela, alikuwa Barmaki, mtu wa nyumba hiyohiyo. Yaani waziri wa khalifa wa Baghdad alikuwa kitukuu cha msimamizi wa watawa wa Buddha.

Hata hadithi yenyewe ya Siddhartha iliingia katika Kiarabu, katika kitabu cha Bilawhar na Budhasaf, ambacho Ibn al-Nadim alikitaja katika orodha yake ya vitabu ya mwaka 987. Jina Budhasaf latokana na neno la Kihindi, bodhisattva, ambalo ndilo cheo cha Buddha kabla hajazinduka. Anayejua kuandika kwa herufi za Kiarabu atafahamu kilichofuata: be ina nukta moja chini, ye ina mbili. Mnakili mmoja akaongeza nukta, Budhasaf akawa Yudhasaf. Hadithi ikavuka kwa Wagiriki na Walatini, na Wazungu wakamtia katika orodha ya watakatifu wao kwa jina la Josaphat, bila kujua kwamba wanamheshimu Buddha. Nukta moja tu! Na al-Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, katika kitabu chake juu ya madhehebu na mila, aliandika kwamba kwa sifa wanazompa Wahindi, mtu huyo karibu afanane na Khidhr.

Turudi msituni. Siddhartha alitafuta walimu wawili, akajifunza walichokuwa nacho, hakutosheka. Kisha kwa muda wa miaka sita yeye na wenziwe watano wakajitesa, akila kidogo mpaka, yasemekana, akigusa tumbo anashika uti wa mgongo. Anayeishi Kakamega hana haja ya kuelezwa mtu anatafuta nini msituni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dhahabu ilivumbuliwa hapa, na watu walioacha nyumba zao wakamiminika, Wazungu waliofilisika kwa mashamba pamoja nao, wakichimbua ardhi na kuchuja mchanga wa mito. Mashimo ya Rosterman yangali hadithi ya mji huu. Mwana wa Suddhodana alikwenda kinyume: alitoka kwenye dhahabu kuingia mwituni. Lakini baada ya miaka sita akaona kwamba njaa nayo ni shimo tu. Akapokea chakula cha maziwa na mchele kutoka kwa mwanamke wa kijijini aitwaye Sujata, na wenziwe wakamwacha kwa dharau, wakidhani amerudia anasa.

Akaketi chini ya mti. Ni mti wa jamii ya mikuyu, na mahali pale, Bodh Gaya, hufikiwa na mahujaji hadi leo. Waluhya nao wana mti wa jamii hiyo wanaouheshimu sana, hawaukati ovyo, wanauita mukumu. Jina lilelile la mahali waliko masista niliowataja. Hapo chini ya mti, Wabuddha wanaamini, ndipo alipozinduka, na neno buddha maana yake ni aliyezinduka. Hakudai kuwa mtume wala kuwa Mungu. Alisema amefahamu chanzo cha mashaka ya binadamu, kuwa ni kiu ya kutamani, na njia ya kuiondoa. Sisi Waislamu tuna itikadi yetu na sina nia ya kupima hapa itikadi yao. Ninalolifuata ni lile swali la utawa.

Maana hapa ndipo lilipo jambo ambalo picha haionyeshi. Buddha hakuwafundisha watu wake kutawa. Jina alilowapa, bhikkhu, lina maana ya mtu aishiye kwa kuomba sehemu ya chakula, na kuingia utawani katika lugha yao huitwa kutoka, siyo kuingia. Mali ya mtawa ni shuka tatu, bakuli, mshipi, wembe, sindano na chujio la maji. Kila asubuhi huenda na bakuli lake nyumba kwa nyumba kwa mpango, asiruke ya maskini kuikimbilia ya tajiri. Hasemi kitu. Husimama kimya, na akipewa hachagui. Hula kabla ya adhuhuri, na baada ya hapo hali mpaka kesho. Haruhusiwi kuweka akiba ya chakula. Haruhusiwi kuchimba ardhi wala kukata mimea, kwa hiyo hawezi kulima.

Nilipolifikiri jambo hili niliona kwamba sheria hizi, ambazo ni 227 kwa watawa wa Sri Lanka na Thailand, zimetungwa kwa ustadi ili mtu asiweze hata siku moja kujitosheleza. Walikuwapo hapa Kenya watawa wa Kikatoliki, Watrapisti, waliofika Kipkelion mwaka 1956 na kuishi huko kwa sala na kazi ya mikono yao mpaka fujo za mwaka 2008 zilipowahamishia Uganda. Hao waliweza kufunga lango. Mtawa wa Buddha akifunga lango atakufa njaa kesho. Aliacha nyumba moja, na sasa anazihitaji nyumba zote za kijiji. Na kijiji nacho kikiona mtawa amepotoka, kinanyima bakuli lake, na hilo ni shauri zito kuliko barua ya mkubwa yeyote.

Miezi mitatu tu kwa mwaka hukaa mahali pamoja, nayo ni majira ya mvua. Sababu yake ni kwamba watu walilalamika: watawa wakitembea masika wanakanyaga miche na kuua wadudu. Mtu wa pwani anaweza kuisoma sababu hiyo asiione uzito wake. Huku kwetu Kakamega, ambako siku nyingi mbingu hufunguka alasiri na njia zikawa mito, ninaifahamu vizuri. Mchana wa mvua ukipita ukingoni mwa msitu utawaona mbega wamejikunyata juu ya matawi, na yale manyoya yao meupe yameshuka mabegani kama shuka, hawaendi popote. Nchini Thailand ni desturi mwanamume kunyoa kichwa kwa msimu mmoja wa mvua, kisha akarudi kwa kazi yake na kuoa. Utawa huu hauna kiapo cha maisha. Anayeshindwa huvua shuka, akaenda zake, hakuna anayemfuata.

Sasa, Rahula. Baada ya kuzinduka Buddha alirudi mji wa baba yake, Kapilavastu. Asubuhi alionekana njiani na bakuli, akiomba chakula katika mji ambao angeutawala. Suddhodana aliona aibu, akatoka kumkemea. Akajibiwa kwamba hiyo ndiyo desturi ya ukoo wake mpya. Yasodhara hakutoka kumlaki. Alikaa chumbani mwake, akisema kwamba ikiwa ana thamani yoyote kwake, mumewe atakuja mwenyewe. Naye alikwenda. Kisha mama yule akamvisha mtoto, aliyekuwa na umri wa miaka saba hivi, akamwonyesha baba yake kwa mbali, akamwambia akadai urithi wake.

Mtoto akamfuata baba njia nzima akiomba urithi. Na Buddha, asiye na kitu ila bakuli, akamwambia mwanafunzi wake Sariputta amnyoe kichwa na kumtia utawani. Huo ndio urithi aliompa.

Aliyemlea na kumlisha Rahula miaka ile yote ni babu yake. Na babu ndiye aliyekwenda kulalamika. Mwana aliondoka, akasema, nikaumia; sasa na mjukuu. Mapenzi ya mwana, alisema, hukata ngozi, yakakata nyama, yakafika kwenye mfupa. Akaomba jambo moja: kuanzia siku ile mtoto yeyote asitiwe utawani bila idhini ya wazazi wake. Buddha akakubali, na ikawa sheria. Mpaka leo, anayetaka kuwa mtawa husimamishwa mbele ya jamaa na kuulizwa maswali. Je, ni mtu huru? Ana deni? Ni askari wa mfalme? Wazazi wamempa ruhusa? Mwenye deni hapokewi mpaka alipe. Mtumwa hapokewi mpaka aachwe huru. Nionavyo mimi, sheria hiyo ni kilio cha mzee Suddhodana kilichogandishwa. Mwanawe hakukiri kwamba alikosea kuondoka, lakini aliwafungia wengine mlango ule aliopitia.

Katika dini yetu jambo hili limekatwa mapema. Sura ya al-Hadid yataja utawa ambao watu waliuzua wenyewe, kisha wasiutunze kama ulivyostahili kutunzwa. Na kila mmoja wetu amesikia habari za wale watu watatu waliotaka, huyu asilale usiku, huyu afunge daima, huyu asioe, na Mtume s.a.w. akawarudisha kwenye mwendo wake yeye, wa kusali na kulala, kufunga na kufungua, na kuoa. Hata hivyo, sisi watu wa pwani tusiwe wepesi wa kumnyooshea mtu kidole. Katika karne ya 19 babu zetu walipanda na misafara mpaka Mumias, kwa Nabongo, si mbali na hapa ninapoandika. Walileta bidhaa, wakaleta na Uislamu, na heri hiyo yaonekana hadi leo. Lakini wengi waliacha wake na watoto Mombasa na Pangani, wakaoa huku, na hawakurudi. Hakuna aliyewauliza kama wana deni. Mimi mwenyewe familia yangu iko Mombasa, nami naiona wakati wa likizo za shule. Hundi ya mshahara hutangulia, mimi hufuata.

Wanawake nao waliomba kutoka. Mahapajapati, yule mama mlezi, alipokuwa mjane alinyoa nywele akatembea kwa miguu na wanawake wengi wa Sakya mpaka Vesali, akasimama nje ya lango miguu imevimba. Buddha alikataa mara tatu. Ananda, binamu yake na mtumishi wake, ndiye aliyemwombea mpaka akakubali, kwa masharti yaliyowaweka chini ya wanaume. Yasodhara pia, yasimuliwa, aliingia humo.

Katika jambo la nasaba alikuwa mkali zaidi. Vijana wa kifalme wa Sakya walipokuja kutawishwa, kinyozi wao Upali alikuja nao. Wao wenyewe waliomba atangulizwe, kwa kuwa anayetangulia utawani huinamiwa na anayefuata, nao walitaka kiburi cha damu yao kivunjwe. Kinyozi akawa mkubwa wao. Na siku moja alipomkuta mtawa anayeharisha, amelala katika uchafu wake, hana wa kumwangalia, Buddha alimmwagia maji kwa mikono yake, Ananda akimwosha. Kisha akawakusanya watawa akawakumbusha kwamba huku hawana mama wala baba wa kuwauguza. Wasipouguzana wao, ni nani?

Watawa hawa hawako mbali nasi kama tudhanivyo. Dar es Salaam lipo hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka katika ukoloni wa Mwingereza. Na mpakani mwetu hapa, Uganda, yuko Mwafrika wa kwao aliyezaliwa Steven Kaboggoza, akatawishwa mwaka 2002 kwa jina la Buddharakkhita, na mwaka 2005 akaanzisha kituo karibu na Entebbe. Ameeleza jinsi alipoanza kutembea na bakuli watu walivyodhani ni ngoma au silaha.

Buddha alitembea hivyo miaka 45. Alipokuwa na miaka 80 alikula kwa mhunzi aitwaye Cunda, akashikwa na tumbo la kuhara damu. Njiani alimtuma Ananda aende kumtuliza mhunzi yule, asije akajilaumu wala kulaumiwa na watu. Akalala Kusinara kati ya miti miwili, akafa bila kutaja wa kurithi nafasi yake. Mazishi hayakufanywa na watawa. Alikuwa amewaambia wawaachie watu wenye nyumba zao. Watu wa Kusinara wakamchoma kwa heshima za mfalme. Kisha wakaja wajumbe wa miji mbalimbali kudai majivu yake, nusura wapigane, mpaka yakagawanywa mafungu manane. Fungu moja lilichukuliwa na Wasakya wa Kapilavastu, ambao hawakutoa hoja nyingine ila kwamba marehemu alikuwa ndugu yao.